Miezi 7 tuliyomnyamazisha bibi

Siku hiyo niliwahi mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, kabla jua halijawa kali, nilitaka dagaa wa kumtumia mdogo wangu Shinyanga na sato wawili wa nyumbani. Mama ninayenunua kwake dagaa siku zote alikuwa na binti mgeni kakaa nyuma ya meza juu ya ndoo iliyopinduliwa, kajifunga kitenge kifuani, sio mgongoni. Nikajua kabla sijaambiwa. Ukishawahi kumbeba njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kwa mtindo wa kangaruu, ngozi kwa ngozi kifuani, huwezi kukosea kile kifundo, kofia ya sufi kubwa kuliko kichwa chenyewe, uso mdogo kama ngumi, na mama anayepumua taratibu kama vile pumzi yake mwenyewe ameazimwa.

"Huyu ndo mama Kabula nilokwambia, wake nae alikuwa njiti na saa hizi anakimbia huyo," mama wa dagaa akamwambia.

Binti akaniamkia, nikaitikia, tukaongea kidogo ya uzito (kilo 1.6, walitoka wodini juzi tu) na ya maziwa na ya usingizi. Alafu akaniuliza swali ambalo nilimuona kabisa alikuwa amelibeba muda mrefu akitafuta wa kumuuliza.

"Dada, mi Mjita wa Ukerewe, baba yake Msukuma, na Kiswahili nacho kipo. Nimuongeleshe kipi? Maana nimesikia njiti akichanganyiwa lugha akili inachelewa."

Nikamjibu hapo hapo, wala sikufikiri. "Kiswahili tu kwanza mdogo wangu. Usimchanganye."

Nikapokea dagaa wangu, nikalipa, nikaondoka.

Daladala ilikuwa imefika Pasiansi ndo nikasikia nilichosema.

Ni wiki 3 sasa na bado nakisikia. Nikiosha vyombo nakisikia, nikiwa kazini nakisikia. Kwa sababu maneno hayo sio yangu, niliambiwa mimi hivo hivo miaka mitatu iliyopita, na katika watu wote wa Mwanza mimi nilitakiwa niwe wa mwisho kuyarudia.

Sauti ya kwanza

Kabula (sio jina lake la kwenye cheti ila ndo tunalomwitia) alizaliwa wiki ya 30, gramu 1,250. Mi nilikuwa na presha ya mimba, ikapanda ghafla, wakamtoa ili tupone wote wawili, na siku 4 za kwanza sina kumbukumbu nazo za maana. Kwa hiyo aliyembeba kifuani ni mama yangu. Manesi walimwambia avue blauzi, wakamlaza mtoto katikati ya kifua, wakamfunga kitenge, na mama akakaa hivyo kwenye kiti cha plastiki mchana na usiku, na mama yangu akishika mtoto haongei Kiswahili. Anaongea Kisukuma. Na haongei kitoto, anaongea habari kamili: mvua imeanza kule Misungwi, mpunga utakuwa hivi, baba yako ameenda kutafuta damu, mama yako amelala ila ataamka. Wakunga wa zamu walikuwa wanamcheka kwa upendo, wakiingia tu wodini wanamsalimia, "Mwangaluka mayu!", nae anaitikia bila kuacha stori.

Jina Kabula kampa yeye. Ilikuwa masika na mabati ya wodi yalikuwa yanapigwa na mvua siku nzima. Mvua kwa Kisukuma ni mbula.

Hii ya kumbeba kifuani ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, madaktari wakiwa wamezidiwa na watoto na hawana mashine za joto za kutosha. Miaka mingi ilichukuliwa kama suluhisho la maskini. Alafu 2021 ukatoka utafiti mkubwa uliofanyika nchi 5, Tanzania ikiwemo, ukaonyesha kwamba kumweka mtoto mwenye kilo 1 hadi karibu 1.8 kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kwanza atulie, kulipunguza vifo kwa robo ukilinganisha na utaratibu wa kusubiri. Mwaka uliofuata WHO wakabadilisha mwongozo wao. Na kifua kinachobeba si lazima kiwe cha mama mzazi, ndugu wa karibu anafaa.

Ila hayo ni ya joto na pumzi. Mi nimekuja kufikiria sana kuhusu sauti.

Mtoto tumboni anaanza kusikia kwenye wiki za 24 mpaka 28 hivi. Sauti ya mama inamfikia kupitia maji na mifupa, haina maneno, ina mdundo tu, kupanda na kushuka. Mwaka 1980 watafiti wawili, DeCasper na Fifer, walionyesha kwamba mtoto wa siku chache tu anabadilisha anavyonyonya chuchu ya mpira ili asikie sauti ya mama yake badala ya ya mwanamke mwingine. Na 2010 watafiti wa Canada wakaenda mbele zaidi, wakapima vichanga ambao mama zao waliongea Kiingereza na Kitagalog, lugha ya Ufilipino, wakati wa ujauzito, wakakuta wanavutiwa na lugha zote mbili, na bado wanaweza kuzitofautisha. Vichanga! Mtu hajafungua macho vizuri anajua hizi ni mbili.

Sasa njiti anakatiwa hiyo shule katikati. Wiki 10 alizotakiwa awe gizani anasikiliza mdundo wa mama yake, wangu alizisikiliza kwenye mwanga wa taa na mlio wa mashine ya oksijeni, ule mlio ambao mpaka leo microwave ya jirani ikilia moyo wangu unaruka. Katikati ya milio hiyo kulikuwa na mtu mmoja anaongea mfululizo, ngozi kwa ngozi, na alikuwa anaongea Kisukuma.

Neno moja ukutani

Kabula alipofika miaka 2 tulienda kupimwa makuzi. Sitaji ni wapi, na nilikuwa nimekaa na yule mtaalamu nusu saa tu, alikuwa mpole na foleni ilikuwa ndefu mpaka nje.

Alimuuliza Kabula vitu kwa Kiswahili. Hiki nini? Kijiko. Hakusema. Hiki? Akasema "kombe", akaandika. Ukutani kulikuwa na karatasi ya picha, gari, mpira, paka, ndege. Kabula akashuka mapajani mwangu, akaenda mpaka ukutani, akainua kidole akagusa ile picha ya ndege, akageuka akanitazama mimi.

"Noni."

Yule mtaalamu akatabasamu. "Hizo sauti bado hazina maana, ndo tunazozifanyia kazi."

Noni ni ndege. Kwa Kisukuma noni ni ndege.

Mi nilijua. Nimekua na hilo neno, nimelala nikiimbiwa hilo neno. Na nilikaa kimya.

Nimejiuliza mara ngapi kwanini sikusema, na jibu ninalolipata kila mara linanirudisha darasa la tatu, mwalimu kashika fimbo, mwenzetu kaongea kilugha na kaambiwa anyooshe mikono. Tulijifunza mapema kwamba Kisukuma ni cha nyumbani, na nyumbani ni mahali ambapo mtaalamu hatakiwi kupaona. Kwa hiyo mtoto wangu njiti akatoa neno sahihi kabisa mbele ya mtu anayepima akili yake, na mama yake, anayeelewa, akaangalia sakafu.

Baada ya hapo akauliza nyumbani mnaongea lugha gani. Nikamwambia, Kiswahili, ila bibi yake anaishi nasi na ni Msukuma, na baba yake ni Mhaya, kwenye simu na mama yake Bukoba ni Kihaya tupu. Akatikisa kichwa kidogo. Akasema kwa mtoto wa kawaida isingekuwa tatizo, ila huyu ubongo wake ulianza na mzigo, msimwongezee. Lugha moja. Kiswahili. Akishaongea vizuri ndo mtaongeza.

Nilishukuru. Nilishukuru kweli, maana kwa mara ya kwanza mtu alinipa kitu cha kufanya.

Ukimya

Nilimwambia mama jioni hiyo. Alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo, anatoa mchanga na vile vikome vidogo, akaendelea kuchambua mpaka nikamaliza kuongea. Akasema, "Kama ndo dawa."

Mama yangu Kiswahili anakijua. Cha sokoni anakijua, cha kanisani anakijua, cha kuomba nauli na kumsalimia mwenyekiti wa mtaa anakijua. Kiswahili cha kumwambia mtoto mdogo kwamba ile sisimizi inakwenda kwao na imebeba chakula cha wadogo zake, hicho hana. Hakuwahi kukihitaji.

Nilichokuwa nasubiri ni kwamba atageuza zile stori zote ziwe Kiswahili. Kilichotokea ni kwamba zile stori ziliisha. Nikirudi kazini namkuta kakaa na Kabula kwenye mkeka, wanatazamana vizuri, mtoto ameoga, ameshiba, mkono wa bibi unampapasa mgongo, na hakuna sauti. "Njoo." "Kaa." "Kula." "Usishike." Amri tu, maana amri ndo Kiswahili ambacho mtu anakipata haraka. Siku moja nilisimama mlangoni bila wao kunisikia, Kabula akaonyesha kitu nje akasema "aaah?", nikamuona mama anafungua mdomo, kabisa, neno liko pale, alafu akaufunga. Akamwambia, "Ndio."

Sijawahi kumuomba mama msamaha kwa hiyo siku. Labda hii ndo namuomba.

Na kuna jambo lingine nimekuja kuliona nimeshachelewa, na hili ndo linaniuma kuliko yote. Miezi yote hiyo tuliyofunga Kisukuma, televisheni ilikuwa inaongea Kiingereza sebuleni kwetu. Katuni. Saa mbili, saa tatu kwa siku, kwa sababu bibi sasa hana cha kuongea na mtoto anataka sauti. Hakuna aliyesema Kiingereza kinamchanganya, sio mtaalamu, sio mume wangu, sio mimi. Jirani alisema tena vizuri, atazoea mapema, si utampeleka inglishi midiamu? Kwa hiyo hofu yetu haikuwa lugha mbili. Tuliogopa lugha ya bibi.

Hesabu ambazo hatukupiga

Nilianza kusoma usiku kwenye simu, kwanza bila mpangilio, alafu kwa hasira.

Hesabu ya kwanza ilikuwa rahisi mno mpaka nililia. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 30 amewahi wiki 10, na mpaka afike kama miaka 2 makuzi yake yanatakiwa yahesabiwe kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, sio aliyozaliwa. Siku ile ukutani Kabula hakuwa na miezi 24. Alikuwa na 21 na nusu hivi. Mtu mzima miezi miwili na nusu haimaanishi kitu, kwa mtoto wa umri ule ni tofauti ya maneno mengi sana. Hata sheria ya kazi hapa kwetu sasa imeshaikubali hesabu hii, mama wa njiti anaongezewa likizo kufidia zile wiki zilizobaki kufika 40. Kwenye kipimo cha mwanangu hakuna aliyezitoa.

Watafiti wakiongozwa na Marcela Peña waliliangalia hili kwa undani, matokeo yakatoka 2012. Kawaida mtoto kufikia mwaka mmoja anaacha kusikiliza tofauti za sauti ambazo lugha ya kwao haizitumii, ubongo unajifunga na lugha yake. Swali lilikuwa je, njiti ambaye amewahi kutoka na amesikia watu wakiongea wiki nyingi zaidi ya mwenzake, nae anawahi kufika hapo? Hawahi. Anafuata umri unaohesabiwa tangu mimba itungwe. Ubongo una kalenda yake, haukubali kuharakishwa kwa kutolewa nje mapema. Niliisoma hiyo mara mbili tatu, nikawa namuangalia amelala, nikasema basi mama, hujachelewa, ulikuwa tu bado hujafika.

Hesabu ya pili ni ya maneno. Miaka ya 90 kule Miami, Marekani, mtafiti Barbara Pearson na wenzake walihesabu maneno ya watoto wa Kiingereza na Kihispania. Ukihesabu lugha moja peke yake mtoto anaonekana yuko nyuma. Ukijumlisha alichonacho kwenye zote mbili, yuko sawa na wenzake wa lugha moja. Nikachukua daftari usiku ule ule, nikaandika maneno yote niliyokumbuka Kabula akiyasema kabla hatujamfungia bibi. Ya Kiswahili yalikuwa 9, kama alivyoandika yule mtaalamu. Alafu nikaenda chumbani kwa mama nikamuamsha, nikamuuliza, akakaa kitandani akaanza kunitajia bila kusita. Noni. Minzi, maji. Bugali. Limi, jua, alikuwa analisema akifungua dirisha asubuhi. Kaya. Akaendelea. Yalifika 23, na "amaizi" ya baba yake juu, yaani mtoto alikuwa na maji mara tatu.

"Hayo yote mlikuwa hamyajui?" mama akaniuliza.

Nilikuwa nayajua. Sikuwa nimeyahesabu.

Berlin

Nisingekuwa mkweli nikiishia hapo, kwa sababu nilikutana pia na kitu kilichonitisha. 2009 madaktari wa Berlin walitoa matokeo yao kwamba watoto waliozaliwa na uzito mdogo sana, wale ambao wazazi wao wanaongea lugha mbili, akili zao zilikua polepole kuliko wenzao wa lugha moja. Njiti, kama wangu. Nilizima simu nikakaa gizani. Nikasema kumbe yule mtaalamu alikuwa sahihi, na mimi na mama yangu ndo tulikuwa tunamharibu.

Nilikaa na hiyo siku kadhaa bila kumwambia mtu. Kilichonitoa sio mtu kunifariji, ni kukumbuka ule ukuta. Nilijiuliza, mtoto wa mgeni Ujerumani akiingia chumba cha kupimwa, akagusa picha akasema ndege kwa lugha ya bibi yake, nani mle ndani atajua kasema ndege? Na familia inayoongea lugha mbili kwenye mji wa ugeni inabeba mambo mangapi mengine, kazi za usiku, upweke, bibi yuko nchi nyingine? Mambo hayo yanaingia kwenye mtoto pamoja na lugha, na kwenye karatasi yanaweza kuonekana kama lugha.

Alafu 2020 watafiti Melissa Baralt na Ashley Darcy Mahoney wakatoa matokeo yao, njiti wa Miami tena. Mtoto anapewa kadi azipange kwa rangi, alafu ghafla anaambiwa sasa panga kwa umbo, mchezo wa kugeuza akili, na kule kugeuka ndo watoto wengi waliowahi kuzaliwa wanakokwama. Waliokua na lugha mbili walifanya vizuri zaidi. Sisemi basi tuwasomeshe njiti lugha kama dawa ya kijiko asubuhi na jioni, hao ni watoto wachache wa mji mmoja. Ila ukiweka Berlin na Miami mkononi, huwezi tena kumwambia mama yeyote "usimchanganye" kwa sauti ya uhakika kama ile niliyoambiwa, na kama ile niliyoitoa mimi mwaloni.

Ila utafiti ulionibadilisha kabisa haukuwa wa lugha mbili hata kidogo. Ulifanyika Rhode Island, Marekani, Melinda Caskey na wenzake, walivalisha njiti kifaa kidogo cha kurekodi wakiwa bado wodini, wakahesabu maneno ya watu wazima yanayowafikia. Waliosikia mengi zaidi walipata alama za juu za lugha na za akili walipopimwa miezi 7 na tena 18, kwa ile hesabu ya umri uliorekebishwa. Mengi. Wingi wa maneno ya mtu mwenye mdomo, karibu na sikio lake.

Hapo nikaona tulichokifanya. Nilidhani nimepunguza lugha 3 zikawa 1. Nilichopunguza ni maneno. Nilimchukua mtu aliyekuwa anaongea na mwanangu kuliko binadamu yeyote duniani, nikamuacha na amri nne.

Na kitu ambacho hakuna aliyekipendekeza siku ile ni masikio. Njiti wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata shida ya kusikia, manjano kali inaweza kuathiri, hata baadhi ya dawa za kuwaokoa wanazochomwa wodini zinaweza. Mtoto aliyewahi kuzaliwa akichelewa kuongea cha kwanza ni kupima kusikia. Tulimpima tukiwa tumeshapoteza miezi 7, anasikia vizuri, Mungu ni mwema. Lakini je angekuwa hasikii? Tungekuwa tumekaa tunamkataza bibi lugha huku mtoto anahitaji daktari wa masikio.

Mbula

Ilikuwa Novemba, mvua za kwanza. Umeme umekatika, katuni hakuna, tuko sebuleni watatu na mshumaa, na mvua ikapiga mabati ghafla kama kokoto zimemwagwa. Kabula akashtuka akamkimbilia bibi yake, sio mimi. Akaonyesha juu. "Nini?"

Mama akanitazama. Kwenye mwanga wa mshumaa nilimuona anaomba ruhusa, mama yangu mzazi, nyumbani kwangu, anaomba ruhusa ya kutaja mvua.

Nikamwambia, "Mwambie mama."

Akainua kidole juu. "Mbula." Akakishusha akakiweka kifuani kwa mtoto, pale pale walipokuwa wanamlaza wodini. "Kabula."

Mtoto akatazama juu. Akatazama kifua chake. "Mbula," akasema. Akagusa kifua. "Bula."

Mama akaanza kuongea. Sijui aliongea muda gani, mshumaa uliisha nikawasha mwingine. Miezi 7 ilikuwa imejaa mle ndani, ilitoka yote, mpunga, sisimizi, na siku ile ya kiti cha plastiki.

Sitaki mtu asome hapa aelewe kwamba mtoto aliamka kesho yake anahutubia. Alianza kuunga maneno mawili kwenye Februari, tena kwa kuchanganya, "minzi baridi", "baba kaya". Inawezekana angeongea tu hata tungeendelea na Kiswahili peke yake, kalenda yake ilikuwa inafika. Hilo nalifikiria sana na sina namna ya kurudi nyuma nikajaribu upande wa pili. Saa hizi ana miaka 5. Anaongea na bibi Kisukuma, na mimi Kiswahili, Kihaya anaelewa zaidi ya anavyosema. Kuhesabu kunamsumbua, mwalimu anasema hatulii, na kalamu anaishika kwa ngumi. Uwahi wake haujaisha na sidhani kama lugha yoyote itaumaliza.

Ila akiona ndege juu ya mawe ya ziwani anasema noni akiwa na bibi, na ndege akiwa na mimi, na hajawahi kukosea anaongea na nani.

Simu

Jumamosi hii nilirudi mwaloni. Binti hayupo, amesharudi Ukerewe na meli. Nikachukua namba kwa shangazi yake, yule mama wa dagaa, nikampigia palepale katikati ya kelele za wapakuaji.

Nikamwambia, mdogo wangu, mi ni yule mama Kabula, nilikwambia kitu na nilikosea. Nikamueleza, sio kwa tafiti, nilimueleza kuhusu mama yangu na mkeka. Nikamwambia muongeleshe lugha unayoota nayo, na kila anayempenda amuongeleshe ya kwake, ila waongee nae kweli kweli, na masikio mkampime.

Akanyamaza. Nikadhani simu imekata.

"Kwa hiyo mama aendelee?"

"Mama yako? Kwani aliacha?"

"Nilimwambia dada wa mjini kasema Kiswahili tu. Yeye Kiswahili hajui vizuri. Anamshika tu."

Nilikaa chini kwenye gunia la mtu.

Nikamuomba ampe simu mama yake. Nikasikia nyayo, kuku, mlango, alafu sauti ya mtu mzima inasema haloo kwa wasiwasi. Nikamuamkia, nikasema mama nisamehe, mimi ndo niliyesema, ongea na mjukuu wako, ongea Kijita, ongea chochote. Sijui alielewa kiasi gani. Alisema "asante mwanangu" mara mbili, kisha sauti ikasogea mbali, nafikiri aliiweka simu kitandani bila kuikata, na nikamsikia anaanza, polepole kwanza, alafu haraka, sauti ya chini ya kuongea na mtu aliyeko kifuani.

Kijita sikijui. Sikuelewa hata neno moja. Nilikaa pale kwenye gunia nikasikiliza mpaka salio langu likaisha.